Kisangani: Sayansi ya msitu iko mjini, lakini raia ataikuta wapi?

Kila mwaka, mwezi wa tano una siku mbili ambazo kwetu hupita karibu bila mtu kuzisikia. Tarehe 18 Mei ni Siku ya Kimataifa ya Makumbusho. Siku nne nyuma yake, tarehe 22 Mei, ni Siku ya Kimataifa ya Aina za Viumbe Hai. Katika miji mingi ya dunia, siku hizo milango hufunguliwa, watoto huingia bila kulipa, na wataalamu wanatoka kwenye maabara kuonyesha wadudu, mifupa, mawe na majani.

Kisangani haina makumbusho ya viumbe, mize kama wengi wanavyosema, ambapo familia inaweza kuingia Jumapili nyuma ya misa. Wazee wanakumbuka jardin zoologique kando ya mto Tshopo, lakini hata hilo limebaki na wanyama wachache tu. Mtu akisikia hivyo anaweza kufikiri kwamba mji hauna kitu cha kuonyesha. Ni kinyume chake. Vitu viko, na wanaovijua wako pia. Kinachokosekana ni mlango wa raia.

Kuna nini Kisangani na Yangambi

Chuo Kikuu cha Kisangani, UNIKIS, kilizaliwa mwaka 1963. Kitivo chake cha Sayansi kimefundisha vizazi vya watafiti wa samaki, panya, popo, vyura, ndege na miti. Msitu wa Masako, karibu kilomita 14 kutoka mjini kwenye barabara ya zamani ya Buta, umekuwa kama darasa la pili la kitivo hicho. Ndipo Profesa Dudu Akaibe na wanafunzi wake walipowachunguza panya na wanyama wengine wadogo kwa miaka mingi. Msitu wa Yoko, upande wa barabara ya Ubundu, nao unatumika vilevile.

Mwaka 2010, nchi ilipokuwa inatimiza miaka 50 ya uhuru, makumi ya watafiti wa Kongo, Ubelgiji na nchi zingine walipanda mashua wakashuka mto kati ya Kisangani na Bumba. Safari hiyo iliitwa Boyekoli Ebale Congo, ni kusema kwa Lingala, kujifunza mto Kongo. Waliingia hata kwenye mito inayomwaga maji ndani yake, wakakusanya samaki, wadudu, uyoga, majani na wanyama wadogo. Matunda ya safari hiyo ni pamoja na Kituo cha Kuchunguza Aina za Viumbe Hai, kinachojulikana zaidi kwa herufi tatu, CSB, pale UNIKIS. Ndani yake kuna vielelezo: wanyama wanaohifadhiwa kwenye dawa, kila mmoja na karatasi yake inayosema ametoka wapi, siku gani, na nani alimkamata.

Ukishuka mto karibu kilomita 100 unafika Yangambi, katika teritwari ya Isangi. Wabelgiji waliweka huko kituo kikubwa cha utafiti wa kilimo, INEAC, mwaka 1933. Leo ni INERA. Hebariamu ya Yangambi, yaani nyumba ya majani yaliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi, ina vielelezo karibu 150,000. Ni kati ya hazina kubwa za namna hiyo katika Afrika ya Kati. Karibu na hapo kuna maabara ya kuchunguza mbao, na tangu mwaka 2020 kuna mnara wa mita 55 unaopima hewa inayoingia na kutoka msituni.

Kwa hiyo mkoa wa Tshopo si maskini wa sayansi. Lakini hizi ni nyumba za kazi. Zilijengwa kwa ajili ya watafiti na wanafunzi, hazikujengwa kwa ajili ya mama anayeuza mboga soko kuu wala mtoto wa darasa la tano wa Mangobo. Hilo si kosa la mtafiti. Kuchunguza panya ni kazi, na kumweleza mtu wa Lubunga maana ya yule panya ni kazi nyingine, yenye mayele yake na bajeti yake.

Hadithi mbili zinazofaa kukumbukwa

Ili kuelewa kwa nini mlango huo una maana, hadithi mbili za msitu wetu zinasaidia.

Ya kwanza ni ya tausi wa Kongo. Kati ya 1909 na 1915, wazungu wawili waliotumwa na makumbusho ya viumbe ya New York, Herbert Lang na James Chapin, walizunguka kaskazini-mashariki ya Kongo wakikusanya wanyama. Mwaka 1913, huko Avakubi, Ituri, Chapin aliona unyoya kwenye kofia ya mwenyeji. Hakuweza kujua ni wa ndege gani. Akauweka. Miaka zaidi ya 20 ikapita. Mwaka 1936, akiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, akaona ndege wawili waliokaushwa, waliosahaulika pembeni, na karatasi iliyosema ni tausi wa kigeni. Hapo ndipo unyoya wa Avakubi ulipata mwenyewe. Mwaka uliofuata alirudi Kongo akamkuta ndege huyo msituni akiwa hai.

Tuangalie vizuri. Mwindaji aliyevaa ule unyoya alimjua ndege wake tangu zamani. Na wale ndege wawili walikuwa tayari ndani ya makumbusho. Kilichokosekana miaka yote hiyo ni mtu wa kuyakutanisha mambo hayo mawili: mayele ya kijiji na kabati ya sayansi.

Hadithi ya pili ni ya jana tu, na ni ya hapa Tshopo. Mwezi wa sita mwaka 2007, kikundi cha watafiti waliofanya kazi na John Hart kilifika Opala. Kwenye nyumba ya mkurugenzi wa shule ya msingi wakaona nyani mdogo amefungwa kamba, mwenye uso kama wa mtu na macho makubwa. Sayansi haikuwa na jina lake. Wenyeji walikuwa nalo: lesula. Miaka mitano baadaye, Septemba 2012, nyuma ya uchunguzi uliofanywa pamoja na wataalamu wa Yale na vyuo vingine vya Marekani, lesula akatangazwa kwa dunia kama aina mpya. Mwaka 2016 msitu wake ukawa sehemu ya Mbuga ya Taifa ya Lomami, kati ya Tshopo na Maniema.

Andiko lililomtangaza linasomwa bure na yeyote mwenye intaneti. Lakini ni la Kiingereza. Mtoto wa shule ya Opala anaweza kumaliza masomo ya sekondari bila kuambiwa darasani kwamba nyani aliyeishangaza dunia alionekana kwenye lupango la mwalimu wa kwao.

Kwa nini ni jambo la leo

Kuko watu watakaosema: vita iko mashariki, bei ya unga inapanda, walimu wanadai mishahara, na nyinyi mnatuletea habari ya makumbusho? Swali ni la haki. Lakini mambo matatu yanaonyesha kwamba elimu hii inagusa sufuria, afya na ardhi ya kila mtu.

La kwanza ni chakula. Msimu wa mbinzo ukifika, masoko ya Kisangani yanajaa. Wanaokusanya wanajua kila kiwavi na mti wake. Kuna aina inayokula majani ya sapeli, mti ambao watu wa mbao wanauita pia lifaki. Sapeli ni kati ya miti inayokatwa sana nchini kwa ajili ya kuuza nje. Mti mmoja mkubwa ukianguka, kampuni inahesabu mita za mbao. Kijiji kinapaswa kuhesabu pia vikapu vya mbinzo ambavyo havitarudi kesho wala kesho kutwa. Hesabu hiyo ya pili inahitaji mtu wa kukaa na wanakijiji, mwenye jani mkononi na kiwavi kwenye chupa, aeleze ni mti gani unalisha nini na unachukua miaka mingapi kukua. Maonyesho ya namna hiyo hayaombi jumba la marumaru. Meza moja sokoni inatosha.

La pili ni magonjwa. Mgonjwa wa kwanza wa mpox aliyejulikana duniani alipatikana nchini mwetu, Basankusu, mwaka 1970. Tarehe 14 Agosti 2024, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitangaza mpox kuwa hatari ya kimataifa, na Kongo ndiyo ilikuwa na wagonjwa wengi zaidi. Ebola nayo ilijulikana mara ya kwanza mwaka 1976, Yambuku, mbele kidogo ya Bumba. Kila mara raia anasikia amri: msiguse hiki, msile kile. Lakini motomba na mboloko ndiyo nyama ambayo familia nyingi zinaweza kununua. Mtu anayepewa amri bila maelezo anakisia, na anayekisia anaanza kusema ugonjwa umeletwa na watu wa dawa ili wapate pesa. Watafiti wanaokamata panya na popo kwa ajili ya kuchunguza virusi wako hapa hapa mjini. Kama raia angekuwa amewaona mbele, akashika darubini, akauliza maswali yake yote wakati hakuna mlipuko, siku ya mlipuko wangekuta masikio yamefunguka. Imani haijengwi siku ya msiba.

La tatu ni ardhi. Tangu dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014, jamii ya wenyeji inaweza kuomba msitu wake uwe konsesio ya jamii, hadi hekta 50,000. Hiyo ni haki kubwa. Lakini njiani kuko ramani, kuko hesabu ya miti na wanyama, kuko mpango wa kusimamia msitu. Kijiji kisichojua kusoma karatasi hizo kinategemea mtu wa nje, na mtu wa nje ana faida yake. Ni vilevile kwa mikataba ya kaboni inayozunguka katika mkoa. Watu wanaombwa kutia sahihi juu ya hewa ambayo hawajaelezwa inapimwa namna gani, na mnara unaopima hewa hiyo uko Yangambi, safari ya mashua tu. Mgogoro wa Wambole na Walengola, ulioanza mwaka 2023 kwa sababu ya ardhi na kuleta maelfu ya wakimbizi hapa Kisangani, ulituonyesha bei ya kuachia mambo ya ardhi yaamuliwe wakati wengine hawajaelewa.

Wengine wanafanya namna gani

Mfano wa karibu ni Nairobi. Makumbusho ya pale yamesimama mahali pake tangu mwaka 1930, na ni kweli, ni jumba kubwa lenye serikali nyuma yake. Lakini moja ya programu zilizodumu zaidi hapo haihitaji jumba. Tangu mwaka 1971, kila Jumatano asubuhi, watu wanakutana kwenye makumbusho, wanatoka pamoja kwenda kutazama ndege, na wenye kujua wanawafundisha wasiojua. Mwanafunzi anatembea na mstaafu, mgeni na mwenyeji. Vijana wengi walioanzia hapo wakiwa hawajui ndege hata watano wamekuwa waongozaji wa watalii na watafiti. Mtaji wao wa kwanza ulikuwa miguu na macho.

Mfano wa pili unatuhusu kwa uchungu kidogo. Kati ya 1937 na 1958, wafanyakazi wa Yangambi walipita kila juma kwenye miti karibu 2,000, wakiandika ni upi umetoa maua, upi una matunda, upi umeangusha majani. Madaftari hayo yalilala miaka mingi. Mwaka 2015 picha zake ziliwekwa kwenye intaneti, na watu wa kujitolea wa nchi mbalimbali wakaombwa kusaidia kuzisoma na kuzinakili. Ilikuwa kazi nzuri, na leo inasaidia kuelewa namna msitu unavyojibu mabadiliko ya hali ya hewa. Lakini ni wazi nani aliweza kushiriki: mwenye kompyuta, umeme na intaneti ya bei rahisi. Wajukuu wa wale waliotembea juma baada ya juma chini ya miti hiyo, wengi wao hawakuwa na hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Na kuko Tervuren yenyewe. Makumbusho hayo, yaliyofunguliwa upya Desemba 2018, yanahifadhi wanyama karibu milioni 10 na vipande vya mbao karibu 80,000, sehemu kubwa kutoka Kongo. Mtoto wa Brussels anaweza kuwaona viumbe wa kwetu mchana mmoja, akarudi nyumbani na chakula cha jioni. Mazungumzo ya kurudisha mali ya Kongo yamekuwa zaidi juu ya barakoa na sanamu. Ndege, samaki na miti hutajwa kidogo. Picha na data zinaanza kurudi kupitia intaneti, na hilo ni jambo zuri. Lakini data ikirudi kwenye kompyuta ya ofisi moja tu, kwa raia ni kama haijarudi.

Vizuizi ni vya kweli

Haitakuwa haki kusema ni jambo jepesi. Kizuizi cha kwanza ni pesa. Miradi mingi ya sayansi hapa inalipwa na wafadhili wa nje. Mfadhili analipia utafiti, mara nyingine anaongeza kidogo kwa ajili ya kile kinachoitwa uhamasishaji: T-shati, bango, atelier ya siku mbili kwenye hoteli, cheti. Mradi ukiisha, bango linabaki ukutani. Umeme nao unakatika, na vielelezo vinahitaji dawa na ulinzi mbele ya kuhitaji wageni.

Kizuizi cha pili ni lugha. Sayansi hapa inafundishwa kwa Kifaransa na inaandikwa kwa Kiingereza. Sokoni watu wanazungumza Lingala na Swahili, vijijini kuna Kilokele, Kimbole, Kilengola, Kikumu na zingine. Jina la mti likibaki la Kilatini peke yake, mwenyeji anafikiri ni mti wa watu wengine. Na mtafiti asiyeandika jina la kienyeji anapoteza nusu ya elimu yenyewe, kama ambavyo karibu tupoteze lesula.

Kizuizi cha tatu kinasemwa kwa sauti ya chini: heshima. Mvuvi wa Wagenia anayejua samaki wa maporomoko kwa majina, msimu na tabia, akiingia kwenye jengo la chuo anaitwa mgeni. Mtafiti akifika kwa mvuvi, anamwita mwelekezi, anamlipa siku yake, na jina lake haliandikwi popote. Programu ya umma ambayo inamweka raia kwenye benchi asikilize tu itarudia kosa hilo.

Kinachowezekana bila kungojea jumba

Kisangani inaweza siku moja kupata makumbusho yake ya viumbe. Hilo litaomba serikali ya mkoa, serikali ya Kinshasa, chuo na wafadhili wakae meza moja. Lakini kuko mambo yanayoweza kuanza na vitu vilivyopo.

Mchana mmoja wa Jumamosi kila mwezi, kitivo kinaweza kupokea shule moja, komini moja baada ya nyingine, kutoka Makiso hadi Lubunga. Watoto 40, wanafunzi wa chuo wanne wa kuwaeleza, makabati machache yenye kufungwa vizuri. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho atapata mazoezi ya kueleza, na shule itapata somo la biolojia ambalo halina bei kwenye duka la vitabu.

Chuo kinaweza kutoka pia. Masanduku matatu au manne yenye mbinzo, mbegu, vipande vya mbao na mifupa yanabebwa na toleka hadi sokoni au kwenye bandari ndogo. Anayepita anaulizwa kwanza: wewe unaita hiki nini? Jibu linaandikwa pamoja na jina lake. Hapo raia anafundisha na anafundishwa.

Redio za jamii zina nafasi yao. Mtafiti na mwindaji wakikaa kwenye studio moja nusu saa, kwa Swahili au Lingala, watu wa Opala, Isangi na Ubundu wanaingia makumbusho bila kulipa mashua. Na kila mradi unaopewa ruhusa ya kukusanya viumbe mkoani ungeweza kuombwa jambo moja dogo: ukimaliza, rudi mahali ulipokusanya, ueleze ulichokipata kwa lugha ya watu wa pale. Kuna watafiti wanaofanya hivyo tayari kwa moyo wao wenyewe. Kinachoombwa ni moyo huo uwe kanuni.

Mei itarudi mwaka ujao, na zile siku nne kati ya tarehe 18 na 22 zitarudi nayo. Mkurugenzi wa shule anaweza kuandika barua sasa kwa chuo kuomba siku. Chifu wa kartiye anaweza kuomba masanduku yafike kwake. Mjumbe wa bunge la mkoa anaweza kuuliza ni faranga ngapi za bajeti zinakwenda kwenye elimu ya sayansi kwa raia. Maswali hayo hayagharimu kitu, na yanayojibiwa mara nyingi ni yale yaliyoulizwa na wengi.